Tuyafasili maneno kabla ya kukata ploti

Neno 'pwani' limetokana na kitenzi 'kupwa', likaongezwa kiambishi kile kile cha mahali tunachokisikia katika 'nyumbani' na 'mjini'. Maji yanapokupwa, pale yanapopaacha ndipo pwani. Kwa asili yake, basi, pwani si mkoa wala si mandhari ya kupambia kalenda za watalii. Ni ile sehemu ambayo bahari huifunika na kuifunua takriban mara mbili kila siku. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 62, inaitaja ardhi yote iliyo baina ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ni ardhi ya umma. Pengine pasi na kukusudia, waandishi wa Katiba walilirudishia neno letu maana yake ya zamani.

Msomaji asishangae kumwona mwalimu wa isimu akiingilia mambo ya wanasheria na wapima ardhi. Kanuni za kugawanya na kuendeleza ardhi, kabla hazijawa mita na bikoni, ni maneno. Kila sheria ya aina hii hufunguliwa na kifungu cha fasili, na aghalabu wasomaji hukiruka kifungu hicho wakakimbilia ada na faini. Ilhali humo ndimo inamoamuliwa nani ni 'mwenye ardhi', kipi ni 'kiwanja', ipi ni 'njia', na ufuo unaishia wapi. Maamuzi yote yanayofuata huwa yamekwisha kufungwa na maneno hayo.

Sina mahali pazuri zaidi pa kulipimia jambo hili kuliko Shella, mtaa mkongwe wa Malindi, wenye Msikiti wa Ijumaa na makaburi yake ya nguzo, ambapo nyumba za zamani, majahazi ya wavuvi na tamaa ya wanunuzi wa viwanja vya baharini vimebanana katika eneo dogo.

Chukua neno 'ardhi' lenyewe. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963, ambayo ilitumika hadi ilipofutwa mwaka 2012, ilisema kwamba ardhi ni pamoja na vyote vimeavyo juu yake, na majengo na vitu vingine vilivyoshikamana nayo daima. Nyuma ya fasili hiyo imo kanuni kongwe ya Warumi, iliyopitia Uingereza kabla ya kutufikia, kwamba kilicho juu ya ardhi huifuata ardhi. Aliye na hati, basi, ana mnazi, ana nyumba, ana na kisima.

Watu wa huku hawakusema hivyo. Katika mazungumzo ya kila siku mtu husema, 'Shamba ni la fulani, minazi ni ya fulani,' wala hapana anayehisi kwamba amejipinga mwenyewe. Mtu huweka rehani minazi yake bila ya kuigusa ardhi. Mtu hujenga nyumba katika kiwanja cha mwenziwe, akalipa kodi ya kiwanja, akaipangisha, akaiuza, akawarithisha wanawe, na kiwanja kikabaki pale pale kwa mwenyewe. Hii ndiyo inayoitwa nyumba bila ardhi, na kuanzia Majengo ya Mombasa hadi mitaa ya Malindi ziko familia ambazo hazina mali nyingine duniani.

Hata wakoloni walilisikia hilo. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ndiyo iliyowataka wakazi wa ukanda wa pwani wapeleke madai yao kwa msajili, na ardhi isiyodaiwa ikawa mali ya Taji la Uingereza. Dhuluma yake inajulikana. Pamoja na hayo, sheria hiyo ilikubali kwamba mtu aweza kuwa na haki katika minazi au nyumba iliyo juu ya ardhi ya mwingine, na ikaruhusu haki hiyo iandikwe. Ilipofutwa mwaka 2012 pamoja na sheria nyingine za ardhi, wengi walishangilia. Sikuona wengi waliouliza ni neno gani lililokwenda nayo.

Yako wapi madhara? Yako hapa. Mwenye hati anapoomba kibali cha kukikata kiwanja chake vipande vinne, kanuni huuliza mwenye ardhi ni nani, na majirani zake ni kina nani. Mwenye nyumba bila ardhi si huyu wala si yule. Si jirani, kwa kuwa anakaa ndani ya kiwanja chenyewe; si mwenye ardhi, kwa kuwa hana hati. Kwa hiyo habari za mgawanyo huo huenda zikamfikia siku anapomwona sorovea akipanda bikoni karibu na jiko lake. Hajanyang'anywa na jambazi. Amenyang'anywa na fasili.

Ipo nafasi ya kulirekebisha hili. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 2009 iliyataja matatizo ya ardhi ya pwani kuwa yanahitaji kushughulikiwa kwa namna ya pekee. Katiba, katika Kifungu cha 260, inaielezea ardhi kuwa ni uso wa dunia na miamba iliyo chini yake, maji, maliasili na anga iliyo juu; nyumba haikutajwa. Mwaka 2018, katika kesi iliyotoka Meru, Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba amana ya kimila humfunga mwenye hati hata kama haikuandikwa katika rejista. Kaunti ya Kilifi haina uwezo wa kumpa mtu hati kwa njia ya kanuni za mipango, hilo najua. Lakini inaweza kuandika kwamba, kwa ajili ya kanuni hizo, 'mwenye maslahi' ni pamoja na anayemiliki nyumba au miti iliyo juu ya ardhi ya mwingine, na kwamba ombi lolote la mgawanyo lisisikilizwe kabla mtu huyo hajaarifiwa. Ni sentensi moja tu.

Neno jingine linalonikera ni 'maendeleo'. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, iliyoandikwa kwa Kiingereza, inalitumia neno ambalo kwa maana yake ya kitaalamu halina sifa wala lawama: ni kazi yoyote ifanywayo juu ya ardhi, au badiliko kubwa la matumizi ya jengo. Kuchimba shimo la choo kumo. Kuigeuza ghala iwe nyumba ya wageni kumo. Katika mikutano neno hilo hutafsiriwa 'maendeleo', na hapo ndipo hila inapoingia, iwe imekusudiwa au haikukusudiwa. Tangu uhuru 'maendeleo' kwetu ni shule, zahanati, barabara na maji ya mfereji. Nani atasimama mbele ya chifu aseme anapinga maendeleo? Mama anayeuliza kwa nini ukuta wa hoteli umeziba kichochoro cha kwendea baharini huambiwa kwamba yeye ni adui wa maendeleo, na swali lake likafa kabla halijajibiwa. Watanzania wamelitumia neno 'uendelezaji' kwa maana hii ya kisheria, wakaliacha 'maendeleo' lifanye kazi yake ya heri. Sioni aibu ya kuazima kutoka kwa jirani.

Na 'skwota' je? Neno hili tumelitohoa, hatukulitafsiri. Kiswahili kina mgeni, kina mpangaji, kina mvamizi. Hakina jina la mtu aliyezaliwa juu ya ardhi, ambaye babu yake amezikwa chini ya mbuyu wa hapo, na ambaye hata hivyo ahesabiwa kuwa hana haki ya kuwapo. Ilibidi jina hilo liagizwe kutoka ng'ambo.

Yako na mambo madogo yanayochekesha kidogo. Baraza, lile la mawe lililo mbele ya nyumba, ni sehemu ya kiwanja au ya njia? Katika mji wa Waswahili ni vyote viwili, na ndiyo raha yake: mwenye nyumba amelijenga, mpita njia analikalia. Kanuni inayodai majengo yarudi nyuma kutoka ukingo wa njia italibomoa kwa jina la usalama. Ndugu zetu wa Lamu wana wikio, chumba kinachopita juu ya ushoroba kuunganisha nyumba mbili. Sijui mpima ardhi atakichora katika ploti gani.

Nirudi baharini. Kanuni za Upimaji za mwaka 1994 zinasema kwamba ardhi ya serikali isiyogawiwa, iliyopakana na bahari, inapopimwa ili igawiwe, kwa kawaida hutengwa ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa. Mita 60 kutoka wapi hasa? Wavuvi wa Shella hawasemi 'maji kujaa' wakaishia hapo. Wana bamvua, maji yajayo kwa nguvu mwezi unapoandama na unapopevuka. Na wana maji mafu, yasiyofika mbali. Ufuo ukiwa tambarare, baina ya alama ya bamvua na alama ya maji mafu huweza kuwa na nafasi ya kuanika nyavu na kupandisha mashua. Anayepima siku ya maji mafu amemzawadia mteja wake ardhi ya umma, na hakusema uongo, maadam kanuni haikumwambia ni maji yapi.

Malindi ina shida nyingine ambayo miji mingi haina. Mto Sabaki, unaoingia baharini kaskazini ya mji, hubeba udongo mwekundu kutoka bara, na wakati wa kaskazi udongo huo huletwa hadi ghuba ya Malindi. Kwa miongo kadhaa ufuo umekuwa ukipanuka, na majengo yaliyokuwa ukingoni mwa maji leo yako mbali nayo. Ardhi hiyo mpya ni ya nani? Je, mpaka wa ploti ulioandikwa 'hadi baharini' huifuata bahari inaporudi nyuma, au hubaki pale ulipokuwa siku ya kupimwa? Fasili isiyolijibu swali hili ni mwaliko kwa mwenye uzio mrefu. Mnamo Aprili 2023, katika kesi ya kiwanja cha ufuoni Nyali, Mombasa, Mahakama ya Juu ilikataa kumlinda mwenye hati kwa kuwa ardhi hiyo ilikuwa imetengwa iwe wazi kwa umma na haikugawiwa kwa njia halali. Hukumu njema, lakini si kila mvuvi ana miaka ya kwenda hadi Mahakama ya Juu akidai njia ya kupitisha dau lake.

Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2021, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya kutungia sheria. Huku kwetu wananchi huitwa kutoa maoni kuhusu waraka wa Kiingereza katika mkutano unaoendeshwa kwa Kiswahili, na maana ya kila neno humtegemea yule aliyeshika kipaza sauti. Huo si ushirikishwaji.

Ninachowaomba wawakilishi wa Bunge la Kaunti ya Kilifi hakina gharama kubwa. Kila rasimu ya mpango wa mji au ya kanuni za mgawanyo wa ardhi ije na kifungu chake cha fasili kwa Kiswahili, chenye nguvu sawa na kile cha Kiingereza. Kiandikwe na mpima ardhi na mwanasheria wakiwa wamekaa na wavuvi, wazee wa mitaa na wanawake wenye nyumba, kwa kuwa hao ndio wanaojua bamvua hufika wapi na kichochoro kipi kilikuwapo kabla ya ukuta. Kisha kibandikwe katika wadi ya Shella, sokoni na misikitini, siku za kutosha kabla ya mkutano, ili anayekuja kusema awe amekwisha kuyasoma maneno ambayo kwayo nyumba yake itahesabiwa kuwa ipo au haipo.