Nyumba Isiyopitisha Upepo ni Dhulma kwa Mpangaji

Kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, joto la pwani ya Tanga huwa kali. Aghalabu mchana hufikia nyuzi 32 na kuzidi, na unyevu wa bahari huzuia jasho kukauka. Hayo ni majaliwa ya Mola. Ama joto linalobaki chumbani hadi usiku wa manane, sehemu kubwa ni kazi ya mikono yetu.

Tuwatazame wazee wetu. Nyumba za mawe za Pangani zina kuta nene za matumbawe na chokaa, ambazo huchelewa kupata moto. Nyumba zetu za kawaida nazo zilikuwa na ukumbi uliopasua katikati, toka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vikiwa kulia na kushoto. Milango miwili ikifunguliwa, upepo hupita. Chakula kilipikwa uani, na moto ukabaki nje.

Leo ukumbi huzibwa ili kipatikane chumba kimoja zaidi cha kupangisha. Bati hupigwa bila dari. Likipata moto adhuhuri, humwaga joto juu ya aliye chini yake. Dirisha ni moja, nalo latazama ukuta wa jirani. Mwenye nyumba ameokoa gharama ya dari mara moja. Mpangaji huilipa kila mwezi kwa umeme wa feni, na kila usiku kwa kukosa usingizi. Wanaoumia zaidi ni kichanga, mzee na mgonjwa.

Watasema wengine kwamba dari ni ghali. Basi tuanze na yaliyo mepesi. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki: tuweke dirisha upande huo, na tundu la kutokea upepo upande wa pili. Bati lipakwe rangi nyeupe, ambayo hurudisha mwanga wa jua. Mwarobaini upandwe upande wa magharibi, ukinge jua la alasiri. Madirisha yanayopigwa na jua yafungwe mchana, yafunguliwe usiku yakiwa na wavu wa mbu. Na anayejenga asizibe dirisha la jirani yake.

Kila apokeaye kodi na ajiulize: je, yeye na wanawe wangeweza kulala chumba hicho mwezi wa Februari? Kama hawawezi, basi ana deni kwa mpangaji wake, na alilipe kabla kaskazi haijarejea.

Wabillahi tawfiq.