Maarifa ya Nyumbani: Parafini Juu ya Makaa

Fungueni kabati ya jikoni, nanyi mtakuta kopo lenye vipande vya mishumaa. Umeme hukatika, mshumaa huwashwa, asubuhi husalia kipande kifupi kama kidole gumba, na mama mwenye busara hakitupi. Baada ya miezi michache vipande vimekuwa vingi, na watoto huanza kuuliza: Mama, kwa nini tusiviyeyushe tupate mishumaa mipya? Ni swali jema. Kazi hiyo yawezekana, tena yapendeza. Lakini imekwisha kuunguza nyuso na mikono ya watu waliodhani kwamba kuyeyusha mishumaa ni sawa na kuchemsha maji.

Sivyo. Maji hutoa habari zao: yakipata moto yanavuma, yanatoa mapovu, yanagonga kifuniko. Tena yakiisha kuchemka hayazidi kupata moto, hata ukiongeza makaa. Hapa Bukavu, kwa kuwa twakaa juu milimani, karibu meta 1500, hayafiki hata digri 100. Huchemka kwenye digri 95 hivi. Parafini haina tabia hiyo. Kwa kawaida huyeyuka kati ya digri 50 na 65, kisha hunyamaza. Haivumi wala haitoi mapovu. Yazidi kupata moto kimya kimya, na karibu na digri 200 mvuke wake waweza kuwaka. Onyo lake ni moja tu, ule moshi mwembamba. Nao ukionekana, muda uliobaki ni mfupi.

Jioni moja tulimkuta kijana wa shule ameweka sufuria ya parafini juu ya makaa yenyewe. Mwali ulipotokea, alikimbilia ndoo ya maji. Mama yake alimshika mkono, akachukua kifuniko, akafunika sufuria, na moto ukafa. Kijana alinuna: je, maji hayazimi moto? Huzima moto wa kuni, mwanangu. Lakini maji ni mazito kuliko parafini; yakimwagwa humo huzama, na huko chini penye moto mkali hugeuka mvuke mara moja. Mvuke huo hutaka nafasi mara 1600 hivi kupita maji yaliouzaa. Basi huirusha juu parafini yote inayowaka, mpaka darini na usoni mwa aliyeshika ndoo. Moto wa parafini hunyimwa hewa: funika kwa kifuniko cha chuma, au umwagie mchanga mkavu. Usiibebe sufuria kuipeleka nje, wala usifunue mpaka ipoe kabisa.

Yafaa zaidi moto huo usiwake hata kidogo, na njia yake ni rahisi: weka maji kati ya makaa na parafini. Chukua sufuria pana, uweke ndani yake mawe matatu madogo bapa, na juu ya mawe kopo la maziwa lililo safi na kavu. Tia maji katika sufuria yafike nusu ya kopo. Vipande vya mishumaa, vilivyokaushwa na kuondolewa tambi zilizoungua, vitiwe katika kopo. Sasa mbabula yaweza kuwaka inavyotaka, parafini haitapita joto la maji yanayochemka. Ila maji yasikauke! Yakipungua, ongeza pembeni polepole, yasiingie katika kopo. Kopo nalo lisifungwe. Fanya kazi barazani penye hewa, kwa maana makaa katika chumba kilichofungwa huua, lakini uwe chini ya paa, kwani mvua ni maji pia.

Mtu mzima asiondoke hapo, hata akiitwa na jirani. Watoto wadogo wasikaribie. Wakubwa wasokote tambi. Tambi iwe ya pamba. Uzi wa nailoni huyeyuka tu, haunyonyi parafini kuipeleka kwenye mwali. Ichovye kwanza katika parafini, uinyoshe ikauke. Kwa kalibu, kipande cha mwanzi chafaa sana: kipasue mara mbili, pakaza mafuta kidogo ndani, ukifunge tena kwa kamba, tambi ikae katikati. Kabla ya kumimina, pangusa kopo kwa nje, maana tone la maji likiingia katika mshumaa litaufanya utatarike baadaye. Parafini ikipoa hujikunja, na shimo hutokea katikati, lijaze tena. Kesho yake fungua mwanzi.

Twaongeza neno juu ya majina. Parafini iligunduliwa na Mjerumani Karl von Reichenbach mwaka 1830. Jina lake latoka katika Kilatini, parum affinis, maana yake isiyo na ujamaa mwingi, kwa kuwa haipendi kuungana na vitu vingine. Lakini jirani zetu wa Kenya wakisema parafini, wana maana ya mafuta ya taa, ambayo sisi twayaita petroli. Aliyesoma au kusikia habari kutoka huko asije akatia petroli katika kopo lililo juu ya moto. Hiyo huwaka mapema zaidi.

Kama parafini imemwagikia mkono, peleka mkono penye maji safi ya baridi yanayotiririka, ukae nao humo dakika 20. Vua pete. Nta iliyogandamana na ngozi usiibandue kwa nguvu, itatoka na ngozi yenyewe. Usipake mawese, wala dawa ya meno, wala yai. Kidonda kikiwa kikubwa, au kikiwa usoni, au aliyeungua ni mtoto, twende zahanati siku ile ile.

Wengine hutuuliza juu ya vipande vya mishumaa iliyobarikiwa tarehe 2 Februari, sikukuu ya Bwana kutolewa hekaluni. Visitupwe jaani. Viwasheni wakati wa sala mpaka viishe, au viyeyusheni pamoja na vingine. Lakini mshumaa mpya utokao humo hauna tena baraka ile. Upelekeni kwa padri pamoja na mingine siku hiyo itakaporudi.