Bendera Haijazi Chungu

Uhuru ni haki ya kila umma, wala hatumlaumu aliyeonja dhulma akautafuta. Januari 2011 watu wa Sudan Kusini walipiga kura, na takriban asilimia 99 wakachagua kujitenga. Lakini kuupenda uhuru ni jambo moja, na kuufanyia hesabu ni jambo jingine.

Nchi hiyo ilipopandisha bendera tarehe 9 Julai 2011, ilichukua kiasi cha robo tatu ya mafuta yaliyokuwa yakichimbwa katika Sudan nzima. Wengi walidhani utajiri umekwisha patikana. Kumbe visima vilikuwa kusini, ilhali bomba na bandari ya Port Sudan vimebaki kaskazini. Mwenye mali akawa hana njia, na mwenye njia akawa hana mali.

Ada ya kupitishia mafuta haikuwa imeafikiwa kabla ya kuachana. Khartoum ikadai takriban dola 36 kwa pipa. Juba ikakubali kulipa chini ya dola 1. Januari 2012 Juba ikafunga visima vyake yenyewe, hali ya kuwa takriban asilimia 98 ya mapato ya serikali yalitokana na mafuta hayo. Yalianza kutiririka tena Aprili 2013. Na Desemba ya mwaka huohuo vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka.

Kaskazini nako hakukusalimika. Septemba 2013 serikali iliyokosa mapato iliondoa ruzuku ya mafuta, na wananchi wakamiminika barabarani kwa ghadhabu. Kisha vita vya Sudan vya Aprili 2023 vikaliathiri bomba lenyewe. Februari 2024 likapasuka, na watumishi wa Juba wakakaa miezi mingi bila mishahara.

Je, tuseme wangebaki chini ya Khartoum? Hasha! Umasikini haumhalalishii mtu kumtawala mwenziwe kwa mabavu. Tunachosema ni kwamba mas'ala ya njia, ada, madeni na sarafu huamuliwa kabla ya bendera kupanda, si baada yake. Na nchi inayotegemea bidhaa moja, inayopita katika bomba la jirani, imebadilisha mtawala tu, haijajitawala.

Basi kila anayewahimiza watu wajitenge, popote alipo, na aulizwe kwanza: mshahara wa mwalimu utatoka wapi mwezi wa kwanza? Asiye na jibu asikabidhiwe amana ya umma.