Baraza ya Mwalimu: Nusu ya Njia si Nusu ya Mzunguko

Mwaka huu baraza yetu ina hesabu kidogo. Msinune, kwani mwishoni nina deni la kulipa.

Kiangazi nilimpeleka mjukuu wangu Saint Paul, kwenye karakana ya reli ya Jackson Street, iliyojengwa mwaka 1907 na kampuni ya Great Northern, ambayo sasa ni makumbusho. Mbele ya injini ya mvuke nilizikumbuka zile 59 kubwa tulizokuwa tukizitazama Mombasa utotoni. Mtoto akaniuliza, "Babu, pistoni yaenda mbele na nyuma tu. Gurudumu lazungukaje?"

Nyumbani tukatwaa kifuniko cha mkebe na kijiti. Kutoka kitovu cha gurudumu hadi pini, yaani kranki, tukakuita 1. Fimbo inayoishika pini na pistoni tukaiita 4.

"Gurudumu likizunguka robo, pistoni itakuwa wapi?"

"Nusu ya njia," akajibu. Hata wakubwa hujibu hivyo.

Haya, tuhesabu. Pistoni ilianza 5 kutoka kitovuni, na itageukia kwenye 3. Nusu ya njia ni 4. Lakini kwenye robo, fimbo imelala mshazari, na pembetatu yenye pembe mraba imejitokeza: 16 toa 1 ni 15, na kipeuo chake cha pili ni 3.87. Kumbe nusu imekwisha pitwa! Kwa pembe nyingine, saini hutupa kimo cha pini (Waarabu wakiiita jaibu), kosaini hutupa umbali wake. Yaliyobaki ni ya Pythagoras.

Tena, kranki na fimbo zikinyooka mstari mmoja, pistoni isukume itakavyo, gurudumu haligeuki. Ndiyo maana kranki ya upande wa pili huachana nayo kwa robo mzunguko: mmoja akikwama, mwenziwe husukuma.

Mtoto akacheka, kisha akasema, "Lakini Mama husema sisi si watu wa hesabu."

Maneno hayo ni yangu. Nilimwambia mamake akiwa kidato cha pili, kwa hasira ya mwalimu aliyechoka, na tangu hapo akaziogopa. Mwanangu, nakuomba radhi mbele ya jamaa wote. Nilikuandikia kanuni ubaoni nikataka uimeze. Kifuniko cha mkebe sikukuonyesha.

Kipo mezani. Njoo Jumapili.