Kimbunga Hidaya kiliinusuru Tanga, ila somo la 1872 bado lipo

Jumamosi ya Mei 4, 2024, mwambao wa Tanzania ulikaa macho juu. Boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisitisha safari. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ilikuwa imetoa tahadhari ya Kimbunga Hidaya kwa mikoa ya pwani, Tanga ikiwemo, pamoja na Unguja na Pemba.

Mwisho wake unajulikana. Hidaya kilipungua nguvu kikiwa karibu na Mafia. Mafia na Kilwa ndiko walikoumia, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika. Tanga ikapona.

Sasa hapa ndipo penye shida. Mvuvi wa Pangani au Mkinga aliyevuta ngalawa yake nchi kavu amepoteza siku za kazi, na nyumbani watoto wanataka kula. Upepo usipokuja, ni rahisi kusema, "TMA walitutisha bure." Siku nyingine tahadhari ikitoka, huyo huyo anaingia baharini.

Kwa nini ni nadra?

Kimbunga kinahitaji bahari yenye joto. Kinahitaji pia nguvu inayotokana na dunia kujizungusha, ili upepo nao uanze kuzunguka. Karibu na ikweta nguvu hiyo ni ndogo mno. Mtwara iko nyuzi 10 kusini mwa ikweta, Tanga iko nyuzi 5 tu. Kisiwa cha Madagascar nacho huzuia vimbunga vingi vinavyotoka mashariki.

Lakini nadra si kamwe. Mwaka 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Na Aprili 15, 1872, kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na kufika hadi Bagamoyo, si mbali sana na Tanga.

Hasara iliyokaa miaka

Upepo wa 1872 uliisha haraka, hasara yake haikuisha. Meza ya Sultani Barghash ilibaki tupu upande wa bahari: meli zake ziliangamia. Mashamba ya mikarafuu na minazi ya Unguja yaling'olewa kwa sehemu kubwa.

Mkarafuu ni mti wa kusubiri. Ukipanda leo, unangoja miaka sita au zaidi kabla ya kuvuna cha maana. Pemba, ambayo haikuumia kama Unguja, ikachukua nafasi, na hadi leo ndiyo yenye karafuu nyingi. Wenye mashamba wa Unguja walibaki na madeni, na mzigo wa kupanda upya ukawaangukia watumwa wao.

Hesabu hiyo inaihusu Tanga ya leo. Muheza wanalima karafuu, Pangani wana minazi. Mahindi yakiharibika, mkulima anapanda tena msimu ujao. Minazi ikianguka, familia imepoteza kipato cha miaka, na wakulima wengi wadogo hawana bima.

Mvua nayo inaua

Tukiangalia upepo peke yake tunajidanganya. Wiki moja kabla ya Hidaya, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kuwa mvua za El Niño zimeua watu 155 nchini na kuathiri zaidi ya 200,000. Tanga inalijua hilo: Oktoba 2019 mafuriko yaliua watu Handeni na kukata barabara.

Kwa hiyo kazi ya maana ni ile inayofanyika jua likiwaka. Mitaro izibuliwe kabla ya masika. Mikoko ya ufukweni isikatwe, maana ndiyo inayopunguza nguvu ya mawimbi. Ofisi za kata na vikundi vya wavuvi vijue mapema nani anapitisha taarifa, na boti zinavutwa wapi.

TMA nayo ina deni. Kimbunga kikipungua nguvu, wananchi waelezwe kwa lugha nyepesi kilipitia wapi na kwa nini hakikufika kwao. Mvuvi akielewa hivyo, siku mbili alizokaa nchi kavu hatazihesabu kuwa za bure, na tahadhari ijayo ataisikiliza.