Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Tandahimba: Nauli ya refa isitoke kwa timu

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

Nakuandikia kabla minada ya korosho haijafunguliwa. Pesa zikishaanza kuingia vijijini makombe ya mpira nayo huanza, la mbuzi hapa, la ng'ombe pale, na wakati huo hakuna mwenye nafasi ya kusoma barua ya refa mstaafu.

Nimepuliza filimbi kwenye viwanja vya wilaya hii miaka yote niliyokuwa nafundisha. Jambo ninalokuomba ni moja: nauli, chakula na posho ya mwamuzi visipite tena mikononi mwa timu inayocheza.

Mwaka mmoja nilipangiwa nusu fainali katika kijiji ambacho sitakitaja. Timu mwenyeji ilinitumia bodaboda asubuhi. Nilipofika nikakaribishwa wali na kuku nyumbani kwa kiongozi wao, nikaambiwa posho yangu anayo mweka hazina wao, nitaipata mpira ukiisha. Hakuna aliyeniomba niibebe timu, wala hapakuwa na haja ya kuniomba. Dakika za mwisho, timu zikiwa sare, beki wa wenyeji aliunawa mpira ndani ya boksi. Nikamtazama mshika kibendera. Alikuwa kijana wa palepale, aliyeteuliwa na timu yake asubuhi ile, na kibendera chake kilikuwa chini. Sikupuliza. Hadi leo sijui kama sikuona sawasawa, au niliona nikakumbuka nauli ya kurudi nyumbani iko kwa nani. Katika shambulizi lililofuata wageni wakafungwa. Nahodha wao hakunitukana. Alinisogelea akasema taratibu, "Mwalimu, umeona." Nilikuwa nimemfundisha darasa la sita.

Ndugu Mkurugenzi, wewe unaongoza wilaya ya wakulima wa korosho, kwa hiyo jambo hili utalielewa upesi. Tunaijua kangomba. Mnunuzi anakuja na chombo chake, anapima mwenyewe, anataja bei mwenyewe, na mkulima mwenye shida ya ada ya shule anaitikia. Ndiyo maana mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kuuza korosho kwa mnada kupitia vyama vya msingi, ulipoanza msimu wa 2007/2008 ulipokewa kwa matumaini, na ndiyo maana mizani ya vyama hivyo hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Mizani haikai kwa mnunuzi. Refa aliyelishwa na mwenyeji ni chombo cha kangomba, hata kama moyo wake ni safi.

Mpira wenyewe ulipita njia hii. Huko Uingereza, katika karne ya 19, kila timu ilikuja na mwamuzi wake, na mtu wa tatu alikaa nje akingoja kuulizwa pale wawili hao waliposhindwa kuelewana. Walibishana mno, ikabidi mwaka 1891 yule wa tatu aingizwe uwanjani na kupewa mamlaka ya kuamua, na wale wawili wakabaki pembeni na vibendera. Sisi bado tunacheza na vibendera vya timu.

Wapo watakaosema soda na sahani ya wali si rushwa. Mwaka 2018 Aden Marwa wa Kenya, mwamuzi msaidizi aliyekuwa ameshateuliwa kwenda Kombe la Dunia nchini Urusi, alionekana katika video iliyorekodiwa kwa siri akipokea dola 600. Alizipokea kama zawadi. Urusi hakwenda, na Shirikisho la Soka Afrika (CAF) likamfungia maisha. Naye alikuwa mwalimu kama mimi, na habari yake ilinikosesha usingizi.

Kazi yenyewe ni pana kuliko watazamaji wanavyodhani. Refa anatakiwa afike mapema, azungukie uwanja, atikise milingoti ajue kama imesimama imara, maana goli likimwangukia mtoto hakuna kadi ya kulifuta. Atazame kama nyavu zimetoboka, kama mistari ya majivu haijapeperushwa na upepo wetu wa huku juu, kama wachezaji wamevaa vikinga ugoko na wamevua pete na cheni. Aandike wafungaji na kadi, asimamishe mchezo mtu akiumia vibaya, auvunje timu ikibaki na wachezaji chini ya saba, kisha akae aandike ripoti ya kweli hata kama wenye hasira wamemzingira. Sasa refa aliyeletwa na bodaboda ya timu atafika saa ngapi? Atafika wakati timu inapotaka afike.

Februari 2016 mechi ya Yanga na Simba ilichezeshwa na Jonesia Rukyaa, mwanamke kutoka Kagera, mbali kabisa na Jangwani na Msimbazi yaliko makao ya klabu hizo. Hapa kwetu umbali huo tunao kwa kiasi chetu. Refa wa Mahuta apelekwe Litehu, wa Litehu aende Namikupa, na washika vibendera vivyo hivyo.

Ombi langu ni kwamba kombe lolote, liwe limetolewa na mbunge, diwani au mfanyabiashara, lisianze kabla pesa ya waamuzi wa mechi zote haijawekwa kwa Afisa Michezo. Mwamuzi alipwe na ofisi siku hiyohiyo, timu ishinde au ifungwe. Mwenye uwezo wa kununua ng'ombe hatashindwa nauli za watu watatu. Chama cha soka cha wilaya kipange majina, na majina hayo timu ziyajue siku ya mechi, si wiki nzima kabla.

Mimi magoti yamekataa kukimbia, ila kufundisha bado naweza. Nipewe vijana 20, wasichana wakiwemo, na uwanja wowote wa shule kila Jumamosi hadi minada ifunguliwe. Nitawafundisha bila malipo. Vibendera ninavyo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu na refa wa zamani,
Tandahimba