Lori la Kidumu na Somo la Sayansi

Mtoto wa Kinyangiri, katika Wilaya ya Mkalama, Mkoa wa Singida, akitaka lori la kuchezea hulitengeneza mwenyewe. Hutwaa kidumu cha plastiki kilichokwisha mafuta, hukikata ubavu mmoja kikawa bodi, huchonga magurudumu kutoka katika kandambili kuukuu, kisha hutoboa matundu kwa msumari wa moto na kupitisha njiti ya baiskeli iwe ekseli. Lakini mtoto huyo akifika sekondari, lori hubaki nje ya lango, na ndani hufundishwa habari za mashine kwa mchoro wa ubaoni. Hapo ndipo taifa hupata hasara.

Yafaa ieleweke kwamba kugeuza plastiki ni kazi inayoheshimiwa hata na watu wazima kwingineko duniani. Huko Prussia, mnamo mwaka 1824, jeshi lilianza kuwafunza maofisa wake kwa mchezo wa vita wa mezani uliotungwa na afisa aliyeitwa von Reisswitz. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za mchezo wa namna hiyo kwa raia wa kawaida. Kuanzia miaka ya 1950, kampuni kama Airfix ya Uingereza zilipouza kwa wingi vipande vya plastiki vya kuunganisha, wapenzi wa mchezo huo walianza kuvigeuza: hukata mkono wa askari mmoja na kichwa cha mwingine, wakaviunga kupata askari asiyekuwamo katika boksi. Mikono yao na mikono ya mtoto wa Kinyangiri hufanya kazi moja.

Tofauti iko katika mambo mawili, na yote mawili ni somo tosha la darasani.

La kwanza ni kemia. Vijisanamu vingi vya Ulaya ni vya polisitirini. Gundi yake ni kiyeyushi: hulainisha nyuso mbili, molekuli zake zikafumana, na kiyeyushi kikishakauka vipande huwa kitu kimoja. Vidumu vingi vya mafuta ni vya polithini, ambayo haiyeyuki katika viyeyushi hivyo kwa joto la kawaida. Ndiyo sababu mtoto hushindwa na gundi, akaamua kufunga kwa waya. Jibu lake ni sahihi, ila hajaelezwa kwa nini. Mwalimu aweza kuanzia kwenye beseni la maji: kipande cha polithini huelea, na cha polisitirini iliyo ngumu huzama. Maji yakikorogwa chumvi ya kutosha, polisitirini nayo huelea. Densiti imefundishwa kwa gharama ya chumvi.

La pili ni skeli. Boksi la kiwandani huandikwa uwiano wake, kwa mfano 1:72. Lori la kidumu halina uwiano unaojulikana. Basi mwanafunzi na apime. Lori la kweli lenye urefu wa mita 6, likiigwa kwa uwiano wa 1:20, litakuwa na sentimita 30. Eneo la kila sehemu yake litakuwa sehemu moja ya 400, na ujazo wake sehemu moja ya 8,000. Kwa hesabu hiyo, shehena ya tani 6 italingana na robo tatu tu ya kilo. Hata hivyo lori la mtoto hubeba mchanga wa kilo kadhaa bila kuvunjika. Sababu ni kwamba uzito hufuata ujazo, hali uimara hufuata eneo la mkato wa ekseli. Kitu kikipunguzwa, uzito hupungua haraka kuliko uimara. Galileo alilieleza jambo hili mwaka 1638. Mhandisi akilisahau, akakuza mfano mdogo mara ishirini pasipo kuongeza unene wa nguzo, jengo litamwangukia.

Wako wanaosema kwamba muhtasari wa masomo ni mrefu, mtihani uko karibu, na kwamba ni afadhali shule zinunue vifaa vilivyokwisha kupangwa. Hoja ya muda ni nzito, lakini mwanafunzi aliyekariri kanuni bila kuigusa huipoteza siku ya pili ya mtihani. Ama vifaa vya kununua, kazi yake huishia kwenye picha ya boksi: kila kipande kina mahali pake, na aliyeamua ni mwingine. Anayegeuza kidumu hulazimika kuamua mwenyewe, akosee, apime tena.

Hata hivyo ufundi huu una hatari zake, na mwalimu hana budi kuzisimamia. Plastiki isichomwe ovyo. Mabaki ya mabomba na nyaya za umeme mara nyingi ni ya polivinili kloridi, ambayo ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi inayounguza koo na mapafu. Msumari wa moto utumike uwanjani, penye hewa, na kisu kielekezwe mbali na mwili.

Kila shule ya sekondari ingetenga kipindi kimoja katika muhula ambapo kila mwanafunzi huleta kitu alichokigeuza, akataja uwiano wake, aina ya plastiki yake na kosa alilolisahihisha, gharama ingekuwa ndogo mno. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mtoto wa Kinyangiri amekwisha kucheza. Lililobaki ni shule kumfungulia lango yeye pamoja na lori lake.